Jinsi ya kuchora mchakato wa rejesta ya chanjo ya watoto: mwongozo kamili kwa zahanati za Kigoma

Rejesta ya watoto, Kitabu Na. 7 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), haikosi mistari iliyoanza vizuri ikaishia hewani. BCG (chanjo ya kifua kikuu) ipo, Penta (chanjo ya magonjwa matano) ya kwanza ipo, kisha visanduku vitupu hadi mwisho wa safu. Ukiuliza, utaambiwa mama alihama, au mtoto alichanjwa kwingine, au hakuna anayejua. Mchoro wa mchakato unatengenezwa ili kujibu swali moja: mstari ule ulipokwama, nani alipaswa kuuona, siku gani, na kwa nini hakuuona?

Mwongozo huu ni wa mratibu wa chanjo wa wilaya, mtu wa takwimu wa halmashauri, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, na fundi wa programu aliyeitwa kujenga rejesta ya kielektroniki. Mifano ni ya zahanati za Kigoma, kuanzia Kagunga mpakani mwa Burundi hadi Kalya kusini mwa Uvinza, kwa sababu huko rejesta moja hukutana na karibu kila aina ya tatizo: boti, mialo ya wavuvi, kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, watoto wenye kadi za nchi nyingine. Aliyeko Tabora abadilishe mwalo kwa shamba la tumbaku la msimu. Mengine yanabaki yaleyale.

Amua kwanza ni nini kinachosafiri

Kosa kubwa hufanyika kabla kalamu haijagusa karatasi. Watu huchora "mchakato wa chanjo" wote kwa pamoja: unaanza na mama kwenye foleni, unapita kwenye friji, unaishia kwenye ripoti ya mwezi. Ukutani unapendeza, lakini haufanyi kazi, maana umechanganya safari tatu zenye muda tofauti.

Safari ya mtoto ni ya miezi 18. Kuna BCG na matone ya polio anapozaliwa, kuna Penta na chanjo zinazoambatana nayo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua-rubella miezi 9 na tena miezi 18. Safari ya siku ya kliniki ni ya saa chache, tangu chanjo zinapotolewa kwenye friji hadi chupa zilizobaki zinaporudishwa au kutupwa. Safari ya ripoti ni ya mwezi mmoja: kujumlisha, kupeleka halmashauri ndani ya siku 7 za mwanzo wa mwezi unaofuata, kuingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya.

Kila safari ina mchoro wake. Ukichora mshale kutoka "Chanja mtoto" kwenda "Andika ripoti ya mwezi", mchoro wako unasema kila mtoto anayedungwa sindano huandikiwa ripoti yake ya mwezi, jambo ambalo si kweli. Safari hizi hukutana kwenye karatasi tu: kwenye rejesta, kwenye fomu ya tali ya kuhesabia dozi zinazotolewa, kwenye leja ya chanjo. Hapo ndipo pa kuziunganisha, na mshale wa kazi hauhusiki.

Anza na mchoro wa mtoto. Ndio mgumu, na ndio wenye faida.

Vifaa

Karatasi za manila 4 zilizounganishwa kwa selotepu, vikaratasi vya kunata vya rangi tatu (100 vinatosha), maka mbili, penseli na kifutio. Usianze na kompyuta. Mbele ya skrini anayezungumza ni aliyeshika kipanya. Mbele ya ukuta hata mhudumu wa afya wa jamii atanyanyuka na kuhamisha kikaratasi.

Kompyuta inakuja baadaye, kwa ajili ya kuhifadhi. Camunda Modeler ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, jambo la maana ukiwa pembezoni kama Buhingu. Tovuti ya bpmn.io nayo ni ya bure ukiwa na mtandao. Zote mbili huhifadhi faili la aina ya .bpmn ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma. Kuchora kwa PowerPoint kunakupa picha tu, na kila ukibadilisha kisanduku kimoja utasogeza mishale kumi kwa mkono.

Alama zinazotosha

Lugha ya michoro tunayotumia ni BPMN, toleo la 2.0 la mwaka 2011, lililokubaliwa pia kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2013. Ina alama nyingi mno. Kwa rejesta, hizi zinatosha:

- Duara la mstari mwembamba: mwanzo. Duara la mistari miwili: tukio la katikati. Duara la mstari mnene: mwisho.
- Mstatili wenye kona za mviringo: kazi moja inayofanywa na mtu mmoja kwa wakati mmoja.
- Almasi yenye X: njiapanda, njia moja tu ndiyo inafuatwa. Almasi yenye alama ya kujumlisha: njia zote zinafuatwa pamoja.
- Almasi yenye duara la mistari miwili na umbo la pembe tano ndani yake: njiapanda ya kusubiri. Hii tutairudia, maana ndiyo moyo wa mchoro wote.
- Saa ndani ya duara: tukio la muda. Bahasha ndani ya duara: ujumbe.
- Karatasi yenye kona iliyokunjwa: kadi, fomu, barua. Pipa: mahali taarifa zinapokaa, yaani rejesta au hifadhidata.
- Fremu kubwa: taasisi au mtu anayejitegemea. Ndani ya fremu kuna kanda, kila ukanda ni jukumu moja.

Mshale mzima ni mfuatano wa kazi, na hautoki nje ya fremu. Mshale wa vipandevipande ni ujumbe kati ya fremu mbili, na hautumiki ndani ya fremu moja. Mstari wa nukta huunganisha kazi na karatasi au pipa. Kanuni hizi za mishale ndizo zinazovunjwa zaidi.

Kukusanya habari

Chagua zahanati mbili: moja yenye watoto wengi, moja ya pembeni. Kaa karibu na meza ya chanjo asubuhi mbili kila mahali, siku kubwa ya kliniki na siku ya kawaida, bila kuuliza kitu. Andika tu nani alishika karatasi gani na baada ya nani. Maswali ni ya mchana, foleni ikiisha.

Ukiuliza "mnafanyaje mtoto akikosa kadi?", muuguzi atakusomea mwongozo. Uliza hivi: "Mtoto wa mwisho aliyekuja bila kadi, ulimfanyia nini?" Hapo utasikia ukweli. Halafu ulizia daftari. Kila zahanati ina daftari la mazoezi la kurasa 200, lenye jalada lililochanika, ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya vitabu vya MTUHA. Humo ndimo yanamoandikwa majina ya watoto wa mkoba (chanjo zinazopelekwa vijijini), namba za simu za akina mama, na orodha ya walioambiwa warudi. Daftari hilo lazima liingie kwenye mchoro. Kuliacha kwa sababu si rasmi ni kuchora zahanati isiyokuwepo.

Ukipiga picha kurasa za rejesta, funika safu ya majina kwa ukanda wa karatasi. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa kazi hii unahitaji kuona mpangilio wa visanduku, majina ya nini?

Kuchora, hatua kwa hatua

1. Weka fremu mbili. Ya juu ni Mama au mlezi, ya chini ni Zahanati. Mama anapewa fremu yake kwa sababu zahanati haimwamuru; anakuja akitaka au akiweza. Fremu yake iache tupu, usijaribu kuchora maisha yake. Kinachokuhusu ni jumbe: mama anafika, mama anapewa tarehe, mama anapigiwa simu. Fremu ya zahanati igawe kanda tatu: mapokezi na uzito, chanjo, ufuatiliaji wa jamii. Kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja, kanda mbili za kwanza ni mtu yuleyule, lakini ziache mbili. Kanda ni majukumu, na mtu akihamishwa mchoro haufi.

2. Chora mianzo yote. Wengi huweka duara moja, "Mtoto anazaliwa". Kwa Kigoma weka angalau manne: amezaliwa zahanati, amezaliwa nyumbani na analetwa kwa mara ya kwanza, amekuja na kadi ya kituo kingine, amekutwa kwenye mkoba. Tofauti yake ni kazi inayofuata. Wa kwanza anafunguliwa mstari mpya. Wa tatu huenda tayari ana mstari mahali pengine, na ukimfungulia wa pili bila kusema wa kwanza ufungwe, umetengeneza mtoro hewa kwenye kituo alikotoka.

3. Hapohapo shughulikia jina. Mtoto aliyezaliwa jana hana jina, huandikwa "Mtoto wa" fulani, na BCG yake inakaa kwenye mstari huo. Wiki ya sita analetwa na bibi, sasa ana jina, muuguzi wa zamu ni mwingine, anamfungulia mstari mpya. Rejesta sasa ina mtoto mwenye BCG bila Penta na mtoto mwenye Penta bila BCG, na wote wawili ni mmoja. Kwenye mchoro weka kazi yenye jina kamili: "Tafuta mstari kwa jina la mama na tarehe ya kuzaliwa". Ikikosekana kwenye hali halisi, acha nafasi yake na uizungushie penseli nyekundu.

4. Andika kazi kwa kitenzi na kitendwa. "Pima uzito", "Soma kadi", "Toa chanjo", "Andika dozi kwenye kadi", "Weka alama kwenye tali", "Andika dozi kwenye rejesta". Kisanduku chenye neno "Rejesta" peke yake hakisemi nani anafanya nini. Na usiunganishe "Chanja na uandike" kwenye kisanduku kimoja, maana kati ya kuchanja na kuandika ndipo mambo huharibika: siku yenye watoto 50, sindano inatolewa saa nne asubuhi, rejesta inajazwa saa tisa alasiri, kwa kumbukumbu na kwa rundo la vikaratasi.

5. Weka njiapanda, na kila swali lipewe majibu yake yote. "Kadi ipo?" haina majibu mawili. Ipo, imesahaulika nyumbani, imepotea, ipo lakini ni ya kwingine. Aliyesahau na aliyepoteza hawatendewi sawa: mmoja anaandikiwa kikaratasi cha muda, mwingine anatolewa kadi mpya na dozi zake zinatafutwa rejestani. Andika swali juu ya almasi na jibu juu ya kila mshale. Kwa kadi za ng'ambo ya ziwa, ambatisha maelezo: kadi ya Kongo huandika VAR kwa surua na VPO kwa polio ya matone. Asiyelijua hilo atarudia dozi au ataiacha.

6. Sasa weka karatasi na mapipa, na uunganishe kwa mistari ya nukta yenye vichwa: mshale ukiingia kwenye pipa, mtu anaandika, ukitoka, mtu anasoma.

Simama hapo, rudi nyuma hatua tatu, uangalie pipa la rejesta.

Mshale unaotoka

Karibu kila mara utaona hivi: mishale miwili au mitatu inaingia kwenye rejesta, na hakuna unaotoka. Ripoti ya mwezi inajumlishwa kutoka kwenye fomu ya tali. Mama anapewa dozi kwa kusoma kadi. Hakuna kazi hata moja ya kila siku inayoihitaji rejesta ili ifanyike. Ndiyo maana inajazwa mwisho, haraka, na nusunusu, na kumgombeza muuguzi hakutasaidia kitu.

Rejesta ina kazi moja ambayo tali na kadi haziwezi kuifanya: kumwonyesha mtoto ambaye hakuja. Tali inahesabu waliofika. Kadi iko nyumbani na mama. Kama hakuna mtu aliyepangiwa siku ya kufungua rejesta na kutoa majina ya wasiofika, rejesta haina mteja.

Dawa yake kwenye mchoro unaotakiwa, yaani wa namna kazi inavyopaswa kwenda, ni mshale mmoja kutoka kwenye pipa kwenda kwenye kazi iitwayo "Toa orodha ya waliopitisha tarehe", yenye ukanda wake, siku yake, na karatasi yake. Tuseme kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwa muda wa saa moja, muuguzi pamoja na mhudumu wa jamii. Ukifanya hilo na usifanye jingine lolote katika mwongozo huu, kazi yako haijapotea.

Njiapanda ya kusubiri

Baada ya kila dozi, isipokuwa ya mwisho, mtoto anaingia katika kungoja. Wachoraji wengi wanaweka kisanduku "Mama anarudi baada ya wiki 4" na mshale unaendelea. Huo ni mchoro wa matumaini.

Chora njiapanda ya kusubiri, itoe njia mbili. Njia ya kwanza inaongoza kwenye bahasha: mama amefika, rudi kwenye "Pima uzito". Njia ya pili inaongoza kwenye saa: tarehe ya kurudi imepita kwa siku kadhaa, nenda kwenye ufuatiliaji. Kinachotangulia kutokea ndicho kinachofuatwa. Idadi ya siku lazima iandikwe kwenye saa. Timu ikibishana kama ni 7 au 14 au 30, vizuri, wabishane mpaka wakubaliane, kwa sababu "akichelewa sana" haiwezi kuwekwa kwenye programu wala kwenye kichwa cha mhudumu wa jamii.

Njia ya ufuatiliaji nayo ina matokeo yake, na kila tokeo lirudishe kitu rejestani: amepatikana na atakuja, amechanjwa kwingine na kadi imeonekana, amehama, amefariki, hajulikani alipo. Mhudumu akirudi na kusema "nimemkuta" kwa mdomo, mshale umekatika. Mpe kikaratasi chenye namba ya mstari wa rejesta na visanduku vitano vya kuweka tiki.

Na weka miduara minene ya mwisho kwa hesabu: amekamilisha, amehamia kituo kingine, amefariki, hajapatikana baada ya majaribio 3. Mtoto aliyefariki asipofungiwa mstari, mhudumu atatumwa mwezi ujao kumuulizia kwa mama yake.

Chupa ya surua

Hapa mchoro halisi hufichua kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo wowote. Chanjo ya surua-rubella ni ya unga; ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa 6 au mwisho wa kliniki, kinachotangulia. Chupa ya dozi 10 ikifunguliwa kwa watoto 3, dozi 7 zinamwagwa. BCG nayo ni hivyohivyo, na chupa yake ina dozi 20. Penta ni ya maji tayari, na chupa iliyofunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28 ikitunzwa inavyopasa.

Muuguzi anaogopa kuulizwa kuhusu upotevu. Kwa hiyo kuna almasi isiyoandikwa popote: "Watoto wa surua wanatosha kufungua chupa?" Jibu likiwa hapana, mama aliyetembea kwa saa tatu anaambiwa arudi Alhamisi. Hajaandikwa kwenye tali kwa kuwa hakuchanjwa. Hajaandikwa rejestani kwa sababu hiyohiyo. Kwa macho ya takwimu, mama huyu hakuja.

Ichore almasi hiyo, hata kama mganga mfawidhi atakunja uso. Shirika la Afya Duniani linahimiza chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Hilo liende kwenye mchoro unaotakiwa. Mpaka litekelezeke, mshale wa "hapana" usiende moja kwa moja mlangoni. Upitishe kwenye kazi mbili: "Andika tarehe mpya kwenye kadi" na "Andika R (amerudishwa) na tarehe kwa penseli kwenye kisanduku cha surua rejestani". Ukihesabu hizo R mwisho wa robo mwaka, una hoja ya kuongea na halmashauri kuhusu chupa ndogo au siku maalumu ya surua.

Mkoba na ziwa

Huduma ya mkoba ichorwe kama mchakato mdogo: kisanduku kimoja chenye alama ya kujumlisha chini, na undani wake kwenye karatasi nyingine. Undani huo una mambo matatu ambayo mbali na ziwa hayapo.

Kwanza ni upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huchafua Ziwa Tanganyika na boti inaweza isitoke. Kwenye ukingo wa kisanduku cha safari bandika tukio "Safari imeahirishwa", na mshale wake uende kwenye "Mjulishe mhudumu wa kijiji tarehe mpya". Bila kazi hiyo akina mama hukaa chini ya mwembe hadi jioni, na mkoba unaofuata hawaji.

Pili ni mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi. Kabla ya kuandika "kila Jumanne ya pili ya mwezi" kwenye alama ya saa, uliza mwaloni familia zinakuwepo siku zipi. Tarehe ya mkoba inaweza kufuata mwezi mwandamo badala ya kalenda ya ukutani, na alama ya saa inaruhusu hivyo. Ziwa nalo likifungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ratiba hiyo iulizwe upya.

Tatu ni kitabu. Je, rejesta inapanda boti? Mara nyingi haipandi. Inaogopewa maji, na kituoni inahitajika. Majina yanaandikwa kwenye daftari, yananakiliwa siku inayofuata, au wiki inayofuata. Chora daftari, chora kunakili, na andika muda wake halisi juu ya mshale. Njia rahisi ni kubeba orodha fupi: kabla ya safari, andika kutoka rejestani watoto wa kijiji hicho tu, kila mmoja na namba ya mstari wake. Kunakili kunakuwa kujaza visanduku, hakuna kutafuta jina.

Weka namba juu ya mishale

Chukua kurasa za watoto ambao sasa wana miaka miwili na uhesabu. Tuseme 40 walipata Penta ya kwanza na 34 ya tatu. Waliopotea njiani ni 40 kutoa 34, gawa kwa 40, zidisha kwa 100: asilimia 15. Zaidi ya 10 huhesabiwa kuwa tatizo. Andika 40 na 34 juu ya mishale yenyewe, na 6 kwenye njia ya ufuatiliaji. Kama njia ya ufuatiliaji imeandikwa 0 wakati watoto 6 wamepotea, kila aliyesimama mbele ya ukuta ataliona.

Halafu linganisha tali na rejesta kwa mwezi mmoja na chanjo moja. Hesabu pia dozi moja inaandikwa mara ngapi: kadi, tali, rejesta, pengine daftari, pengine simu. Kila mahali pa ziada ni nafasi ya kutofautiana.

Jaribu kwa punje ya maharage

Tundika mchoro juu ya meza, chukua punje, iweke kwenye mwanzo na uisogeze kufuata mishale huku wahusika wanaangalia. Punje ni mtoto. Pitisha hawa: aliyezaliwa zahanati na kukamilisha kwa wakati, aliyezaliwa nyumbani akaja wiki ya 8, mwenye kadi ya Kibondo anayekuja Ujiji, aliyepoteza kadi, aliyerudishwa kwa ajili ya chupa, wa mwaloni ambaye boti haikufika, aliyehama bila kuaga, mapacha, ambao huvuruga kanuni ya jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Punje ikikosa pa kwenda, mchoro una shimo. Ikiweza kwenda kote kuwili kwenye almasi ya X, swali halijaulizwa vizuri. Ikizunguka bila mwisho, hujaandika idadi ya majaribio.

Baada ya hapo chukua mistari 10 ya rejesta bila kuchagua na uulize kila mmoja: umepita wapi kwenye mchoro? Usipoupata, mchoro ndio wa kubadilishwa.

Kisanduku cha 35 kikifika, gawanya. Mchoro usiosomeka ukiwa umesimama hatua mbili kutoka ukutani hautasomwa na mtu.

Kuupeleka kwenye kompyuta

Mchoro uliopita jaribio la punje unageuka mahitaji ya programu karibu wenyewe. Ukanda ni aina ya mtumiaji na ruhusa zake. Karatasi ni fomu. Almasi ni kanuni ya ukaguzi. Alama ya saa ni kikumbusho. Mduara wa mwisho ni sababu ya kufunga usajili. Ukitumia DHIS2 Tracker, mtoto ndiye anayesajiliwa, na kila ziara ni hatua ya programu inayojirudia. Programu yake ya simu inaruhusu kuandika bila mtandao na kutuma baadaye; hiyo "baadaye" ipe alama yake, pamoja na njia ya pembeni ya siku mtandao usipopatikana kabisa.

Kabla ya kuwasha mfumo, rudi kwenye hesabu ya mahali pa kuandika. Mfumo mpya ukiongeza mahali pa nne bila kuondoa hata mahali pamoja, utajazwa Jumamosi na mtu aliyechoka, kwa kunakili. Amua kwa maandishi ni karatasi ipi inaachwa, nani anairuhusu iachwe, na kuanzia tarehe ipi. Uamuzi huo ni wa halmashauri, fundi wa programu hawezi kuufanya.

Hifadhi matoleo mawili, HALISI na UNAOTAKIWA, kila moja na tarehe kwenye jina la faili. Kwenye kona ya chini andika zahanati, namba ya toleo, na vyeo vya waliothibitisha. Fungua upya mchoro ratiba ya chanjo inapobadilika, kitabu cha MTUHA kinapotoka toleo jipya, au muuguzi wa kliniki anapohamishwa. Na huyo anayehamia, apewe mchoro kabla ya kukabidhiwa funguo za friji.